Ombi la kupiga marufuku wanyama wa porini katika sarakasi za kuhamahama: lipelekwe Bungeni au katika Kaunti?

Mwalimu Mlezi anauliza:

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili hapa Nairobi, upande wa Eastlands, na ndimi mlezi wa klabu ya wanyamapori. Muhula huu wanachama wa klabu walijadili sheria iliyopitishwa Uingereza mwaka wa 2019 na kuanza kutumika tarehe 20 Januari 2020, inayokataza kampuni za sarakasi za kuhamahama kutumia wanyama wa porini katika maonyesho yao. Baada ya mjadala huo wameazimia kuandika ombi ili Kenya nayo iwe na katazo la namna hiyo, lililoandikwa waziwazi, badala ya suala lenyewe kuachiwa afisa atakayekuwa zamu siku ambayo kampuni ya kigeni itakuja kuomba kibali.

Nimekubali kuwasaidia, lakini tumekwama katika mambo mawili. Kwanza, sijui kama ombi lielekezwe Bungeni au katika Bunge la Kaunti ya Jiji la Nairobi, kwa kuwa burudani za umma ziko chini ya kaunti ilhali wanyamapori wako chini ya serikali ya kitaifa. Pili, wanafunzi wamegawanyika kuhusu hoja ya msingi. Baadhi wanataka tuseme kwamba wanyama hao huteswa. Wengine wanashikilia kwamba hata asiyeteswa hapaswi kuzungushwa kwenye lori kutoka mji hadi mji ili achezeshwe mbele ya watu waliolipa kiingilio. Ningeomba maoni ya wenye ujuzi wa sheria, na ya yeyote aliyewahi kuyaona maisha ya sarakasi kwa karibu.

Wakili wa Ngara anajibu:

Mwalimu, hongera kwako na kwa wanafunzi. Nitaanza na suala la mamlaka, kwa sababu hapo ndipo maombi mengi hukwama kabla hata ya kusomwa.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa serikali ya kitaifa ulinzi wa mazingira na maliasili, ikiwemo ulinzi wa wanyama na wanyamapori. Jedwali hilohilo limezipa kaunti burudani za umma, na katika kipengele kingine likazipa udhibiti na ustawi wa wanyama. Hema la sarakasi lenye simba ndani yake, likisimamishwa katika uwanja wa Jamhuri, linagusa yote matatu kwa wakati mmoja. Kwa hivyo Bunge la Kaunti lina uwezo wa kutunga sheria inayosema kwamba hakuna leseni ya burudani itakayotolewa kwa onyesho linalotumia wanyama wa porini. Udhaifu wa njia hiyo ni kwamba nguvu yake inaishia mpakani mwa kaunti. Kampuni ikinyimwa leseni Nairobi itahamishia hema lake Ruaka, Rongai au Athi River, na watazamaji walewale wa Nairobi watapanda matatu kuifuata huko.

Ndiyo maana ningependelea ombi kuu lipelekwe katika Bunge la Taifa chini ya Kifungu cha 119 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge, lirekebishe au lifute sheria. Kinachoombwa kiwe marekebisho ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Sheria hiyo inataja matumizi ya wanyamapori yasiyohusisha kuwavuna, yaani utalii, upigaji picha na filamu za kibiashara, elimu, utafiti, utamaduni na dini. Sarakasi haimo katika orodha hiyo, na wapo watakaosema kwamba kutokuwemo kwake kunatosha. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu kampuni yenye wakili mzuri itaingia kupitia mlango wa elimu au wa utamaduni, na afisa aliye mezani hatakuwa na kifungu cha kumnyooshea kidole na kusema, hapa umekatazwa. Ombi la pili, fupi zaidi, linaweza kupelekwa katika Bunge la Kaunti chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, ili lifanye kazi wakati lile la kwanza likisubiri.

Sasa hoja ya msingi. Hapa nawaunga mkono wale wanafunzi wa kundi la pili, na sababu yangu ni ya kisheria kuliko ya kihisia. Tayari tunayo Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ambayo inamwadhibu anayempiga mnyama kikatili, kumpa mzigo kupita kiasi, kumtesa au kumtia hofu. Lakini ukatili wa aina hiyo lazima uthibitishwe mahakamani, mnyama mmoja mmoja, na mashahidi waliouona; na kampuni inayohama kila wiki itakuwa imekwishavuka mpaka kesi ikitajwa mara ya kwanza. Waingereza wenyewe walikwama hapohapo. Mwaka wa 2007 ripoti iliyoandaliwa na mwanasheria Mike Radford kwa ajili ya serikali ilihitimisha kwamba ushahidi wa kisayansi uliokuwepo haukutosha kuonyesha kwamba hali ya wanyama katika sarakasi za kuhamahama ni mbaya kuliko ya wanyama wengine wanaofungiwa. Miaka ikapita kwa mabishano. Mwaka wa 2011 wabunge walipitisha hoja ya kutaka katazo, serikali ikaleta kwanza kanuni za leseni mwaka wa 2012, na katazo lenyewe lilipokuja mwaka wa 2019 lilisimama juu ya msingi wa maadili, yaani kwamba jamii ya leo haikubali mnyama wa porini atumiwe hivyo, hata kama analishwa vizuri na kutibiwa na daktari. Scotland ilikuwa imetangulia mwaka wa 2018 kwa msingi huohuo, na Wales ikafuata mwaka wa 2020. Ile sheria ya 2019 uliyoitaja inahusu England peke yake.

Mkiandika kwamba wanyama wote wa sarakasi huteswa, mtaulizwa ushahidi. Mkiandika kwamba Wakenya hawataki wanyama wa porini watumiwe kwa namna hiyo, Bunge lina mamlaka kamili ya kukubali au kukataa bila kumwita mtaalamu hata mmoja.

Mkazi wa Lang'ata anajibu:

Kwa heshima zote, Wakili na Mwalimu, naona mnatwanga maji kwenye kinu. Ni nani kati yetu aliyewahi kulipa kiingilio Nairobi akatazama chui milia akiruka kwenye pete ya moto? Mnataka Bunge litumie muda wake kukataza jambo ambalo wengi wetu tumeliona kwenye simu tu.

Isitoshe, klabu hiyohiyo ya wanyamapori nina hakika hupelekwa kila mwaka katika kituo cha wanyama yatima kilicho kwenye barabara ya Lang'ata, ambacho kimekuwepo tangu 1964, na huko wanafunzi huwaona simba na chui ndani ya vizimba. Mnyama aliyefungiwa ni mnyama aliyefungiwa. Mwalimu atawaelezaje wanafunzi kwamba kizimba cha serikali ni kizuri na kizimba cha sarakasi ni kibaya? Na yule anayezunguka na nyoka kwenye masanduku, akiingia shule moja hadi nyingine kuwaonyesha watoto, naye mtamweka upande gani?

Mwanasarakasi Mstaafu anajibu:

Ndugu yangu wa Lang'ata, swali lako ni la haki na nitalijibu kwa yale niliyoyaishi. Nilijifunza kazi hii katika kumbi za kijamii za Eastlands, nikapata mkataba wa Ulaya pamoja na vijana wenzangu, tukazunguka na kampuni iliyokuwa na ndovu, ngamia na chui milia. Sitaitaja kampuni hiyo. Wala sitasema kwamba niliona mnyama akipigwa, kwa sababu sikuona.

Nilichokiona ni safari. Onyesho la mwisho katika mji lilipomalizika, wanyama ndio waliopakiwa kwanza, kwa kuwa hema haliwezi kushushwa wakiwa karibu. Walikaa ndani ya malori sisi tukikunja turubai, tukishusha nguzo na kupanga viti. Wakazidi kukaa humo njiani. Na tulipofika mji mwingine wakawa wa mwisho kushushwa, kwa sababu vizimba vyao vya nje vilihitaji uwanja uliokwisha kusawazishwa. Safari ambayo mimi niliilala kwenye basi kwa saa mbili iliwachukua wao usiku mzima na sehemu kubwa ya siku iliyofuata. Baada ya siku chache mzunguko ulianza upya. Kituo cha Lang'ata, hata ukikilaumu kwa mengine, hakimpakii simba kwenye lori kila Jumapili usiku.

Ndovu alipokuwa hana kazi alifungwa mnyororo mguu mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, kwa mshazari. Alisimama hapo akiyumba upande huu na upande ule, kichwa kikishuka na kupanda kwa mwendo usiobadilika, hata majani yakiwa mbele yake. Watoto waliokuja kumtazama kabla ya onyesho walidhani anaucheza muziki uliokuwa ukisikika kutoka hemani, na wazazi wao wakawapiga picha naye. Muziki ulipozimwa usiku aliendelea vilevile. Mtunzaji wake alimpenda, hilo nalisema bila shaka yoyote. Alilala karibu naye na kumsemesha asubuhi kabla ya kumsemesha mtu mwingine. Lakini mtunzaji huyohuyo alibeba fimbo fupi yenye ndoana ya chuma, ambayo watazamaji wakiwepo aliiweka chini ya kwapa, ndoana ikielekea nyuma ili isionekane.

Kuhusu ajira, ambayo najua mtu ataileta: sarakasi haifi kwa kuondolewa wanyama. Ringling, kampuni kubwa ya Marekani, iliwaondoa ndovu wake Mei 2016, ikafunga kabisa Mei 2017, na mwaka wa 2023 ikarudi barabarani bila mnyama yeyote. Cirque du Soleil ya Canada ilianza mwaka wa 1984 na kukua hadi kujulikana dunia nzima bila simba wala ndovu. Nafasi ya mnyama kwenye programu hujazwa na mwanadamu, na hapo ndipo vijana wetu wanaofunzwa Ngara, katika lile jengo lililokuwa sinema ya Shan, wanapopata mkate wao. Katika suala hili Mkenya hana cha kupoteza.

Daktari wa Mifugo anajibu:

Nimeyasoma yote, na ninakubaliana na Wakili kuhusu msingi wa maadili, ila ningewasihi wanafunzi wasiinakili sheria ya England kama ilivyo. Sheria ile inamfafanua mnyama wa porini kuwa ni yule wa aina ambayo kwa kawaida haifugwi Uingereza. Matokeo yake ni kwamba wanyama 19 waliobaki chini ya leseni katika sarakasi za England walikuwa kulungu sita wa nchi za theluji, punda milia wanne, ngamia watatu, rakuni watatu, mbweha mmoja, kasuku mkubwa mmoja wa Amerika Kusini, na, msicheke, ng'ombe mmoja mwenye nundu. Ng'ombe yule yule ambaye Mmaasai na Mborana wamemchunga miaka na miaka alihesabiwa kule kuwa mnyama wa porini. Ngamia naye ni mfugo wa Wajir, Garissa na Marsabit, na maziwa yake yanauzwa Eastleigh kila asubuhi. Kamati ya Bunge yenye wabunge kutoka kaskazini ikiletewa andiko linalomwita ngamia mnyama wa porini, ombi litakufa siku hiyohiyo, na mimi sitawalaumu wabunge hao.

Upo pia upungufu wa upande wa pili. Sheria yetu ya 2013 inapozungumzia wanyamapori inawalenga hasa wale wa asili ya nchi hii, pamoja na spishi zilizoletwa nchini au kuzoea mazingira yake. Chui milia anayekuja na sarakasi kwa wiki tatu kisha akaondoka, je, ameletwa nchini kwa maana ya sheria, au anapita tu? Wakili mmoja atasema hivi na mwingine atasema vile. Andikeni basi kwamba katazo linahusu mnyama yeyote wa spishi isiyofugwa kwa kawaida nchini Kenya, awe wa asili ya hapa au wa kigeni, azaliwe porini au kizimbani. Hayo maneno ya mwisho msiyaache, maana jibu la kwanza la wenye sarakasi duniani kote ni kwamba wanyama wao wamezaliwa kizimbani na hawajui pori.

Jambo jingine ambalo England ilifanya vizuri ni kukataza kumtumia mnyama kwa maana ya kucheza na pia kwa maana ya kuonyeshwa. Bila hilo la pili, kampuni itasema kwamba simba hachezi, amewekwa tu mlangoni ili watu wapige naye picha. Kuhusu mwenye nyoka anayezunguka mashuleni, ambaye ndugu yetu wa Lang'ata amemtaja, mimi ningemwacha nje ya ombi hili. Masanduku yake yanastahili kukaguliwa, lakini ni suala la kanuni za usalama na ustawi, na likichanganywa na sarakasi litaleta ubishi usioisha.

Mwisho, fikirieni wanyama wanaenda wapi. Bolivia ilipiga marufuku wanyama wote katika sarakasi mwaka wa 2009, wa porini na wa kufugwa, na mwaka wa 2011 simba 25 walisafirishwa kwa ndege hadi Colorado, Marekani, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuwatunza. Mwaka wa 2016 simba 33 waliokuwa katika sarakasi za Peru na Colombia walipelekwa Afrika Kusini. Mwaka mmoja baadaye wawili kati yao waliuawa na majangili ndani ya hifadhi yao. Ufaransa, iliyopitisha sheria yake Novemba 2021, imezipa sarakasi za kuhamahama hadi mwaka wa 2028. Nchi yenye wanyama wengi ndani ya mahema hulipa gharama kubwa ya kuwaondoa, na huu ndio ugumu ambao Kenya inaweza kuukwepa kwa kuwazuia mpakani. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini, unaojulikana kama CITES, unaruhusu sarakasi zipewe nafuu ya vibali zinapovuka mipaka, lakini mkataba huohuo unaipa kila nchi haki ya kuweka masharti makali zaidi. Haki hiyo itajwe ndani ya ombi.

Wakili wa Ngara anaongeza:

Daktari ametoa hoja nzito na ninaiunga mkono. Kwa ndugu yetu wa Lang'ata, anayesema tunatunga sheria kwa jambo lisilokuwepo, namkumbusha yaliyotokea mwaka wa 2005. Serikali ilikubaliana na Thailand kupeleka zaidi ya wanyamapori mia moja katika bustani ya wanyama huko Chiang Mai, na ilibidi wananchi na mashirika yakimbilie Mahakama Kuu kupata amri ya kusimamisha usafirishaji huo. Watu walikimbizana na jambo lililokwisha kutiwa saini. Katazo linaloandikwa kabla ya kampuni yoyote kununua tiketi halimnyang'anyi mtu riziki, halidai fidia, na halina wa kulipinga isipokuwa mwenye nia ya kuja.

Mkazi wa Lang'ata anajibu:

Hoja ya kuzuia mpakani naikubali. Ya maadili bado sijaikubali, maana sijui nani aliyepima maadili ya Wakenya akajua yanasema nini kuhusu sarakasi. Lakini kama kazi ya ombi ni kuliuliza Bunge liwaulize wananchi, basi acha waulizwe.

Mwalimu Mlezi anajibu:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimewasomea wanafunzi majibu haya, na wamekubaliana kwamba ombi kuu liende Bunge la Taifa, lisimame juu ya msingi wa maadili, na maelezo ya Mwanasarakasi kuhusu safari na upakiaji yaingizwe kama maelezo ya hali ilivyo, pasipo kumtuhumu mtu. Ngamia ameondolewa, na msichana mmoja kutoka Garissa amesisitiza hilo liandikwe katika kumbukumbu za kikao. Nimebaki na swali la utaratibu tu: je, wanafunzi wenyewe wanaweza kutia saini?

Wakili wa Ngara anajibu:

Sheria ya Utaratibu wa Maombi kwa Bunge ya mwaka 2012 inataka jina, anwani, nambari ya kitambulisho na saini au alama ya kidole gumba ya mwombaji, kwa hivyo walio chini ya miaka 18 wasiwe ndio waombaji. Wewe na wazazi walio tayari mtie saini, na ndani ya maelezo mseme kwamba wazo ni la klabu. Linaweza kuandikwa kwa Kiswahili; hilo limeruhusiwa waziwazi, na ningefurahi kuona mkilitumia. Mtatakiwa pia kueleza kama mmelifikisha suala hili kwa chombo kinachohusika na mkajibiwa nini, na kama lipo mbele ya mahakama yoyote. Kwa sababu hiyo, andikeni kwanza barua kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na nyingine kwa idara ya kaunti inayoshughulikia burudani, mpeleke kwa mkono, na mhifadhi nakala zilizopigwa muhuri wa kupokelewa. Msipojibiwa kwa muda wa kuridhisha, elezeni hivyo.

Mada iandikwe juu ya kila ukurasa, na mwishoni ombi lenyewe liwe wazi na la heshima: mnaliomba Bunge lifanye nini hasa. Likikamilika, lipelekeni kwa Karani wa Bunge la Taifa au mumkabidhi mbunge wenu aliwasilishe kwa niaba yenu. Rasimu ikiwa tayari iwekeni hapa kabla ya kuichapisha, kwa sababu ombi lenye maneno yaliyofutwa na mengine kuandikwa juu yake halikidhi masharti, na itakuwa hasara kuanza upya kutafuta saini za wazazi shule zikiwa zimefungwa.